Kura Inayopanga Bei ya Umeme

Tarehe 4 Novemba 2025, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, hapakuwa na rais, gavana wala seneta wa kuchaguliwa. Jimbo zima lilipigia kura viti viwili vya Tume ya Huduma za Umma, chombo kinachopanga bei ya umeme. Alicia Johnson na Peter Hubbard wa Democratic waliwabwaga makamishna wa Republican waliokuwa madarakani, Tim Echols na Fitz Johnson, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Tangu 2006, Democratic hawakuwa wameshinda nafasi yoyote ya serikali ya jimbo inayopigiwa kura na watu wa Georgia nzima.

Sisi tumezoea utaratibu mwingine. EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya hufanya kazi inayofanana na hiyo, lakini wakuu wake huteuliwa. Hata Marekani kwenyewe majimbo mengi humwachia gavana uteuzi. Ni kama 10 tu yanayowaachia wananchi. Tume ya Georgia, iliyoanzishwa 1879 kusimamia reli, ina makamishna watano wa vipindi vya miaka sita. Kila mmoja lazima aishi katika kanda yake, ila huchaguliwa na jimbo lote. Hata mwanachama wa ushirika wa umeme wa kijijini, ambaye bei yake haipangwi na tume hiyo, ana kura sawa na mteja wa kampuni ya Georgia Power.

Kwa nini bei isiachiwe soko? Kwa sababu soko halipo. Mteja wa kawaida wa Georgia Power hawezi kuihama kampuni hiyo kama anavyobadilisha laini ya simu. Kampuni imepewa eneo lake peke yake, nayo imekubali kupangiwa bei.

Hesabu huenda hivi. Tume hujumlisha gharama za uendeshaji, yaani mishahara, matengenezo na kodi. Gharama ya gesi na makaa ya mawe humrudia mteja ilivyo, bila faida juu yake. Kisha tume huangalia thamani ya mitambo, nguzo, nyaya na transfoma, na kuruhusu faida kwa mtaji ambao wanahisa wameutia humo. Mwaka 2022 kiwango hicho kiliwekwa asilimia 10.5. Maana yake, kwa kila dola 100 za wanahisa, bei hupangwa ili zizae dola 10.50 kwa mwaka.

Hapo ndipo penye mtego. Faida ya kampuni inatokana na kujenga, na kadiri inavyojenga ndivyo inavyoruhusiwa kuvuna zaidi. Kamishna ndiye anayepaswa kuuliza: mtambo huu unahitajika kweli? Hakuna njia ya nafuu? Mradi ukichelewa, hasara ni ya nani?

Maswali hayo yana historia Georgia. Vinu viwili vipya vya nyuklia vya Plant Vogtle vilikadiriwa kugharimu takribani dola bilioni 14. Cha pili kilipoanza rasmi kazi ya kibiashara Aprili 2024, miaka saba nyuma ya ratiba, gharama kwa wamiliki wote ilikuwa imevuka bilioni 30. Desemba 2023 makamishna waliiruhusu Georgia Power kuingiza kwenye bei karibu dola bilioni 7.6 za mradi huo. Sehemu nyingine ya hasara ikabaki kwa wanahisa.

Bili zilipanda wakati uchaguzi wenyewe umekwama mahakamani. Katika kesi iliyofunguliwa 2020, wapiga kura Weusi walidai kwamba kupigisha kura jimbo zima kunameza sauti yao. Uchaguzi wa 2022 ukasimamishwa, na makamishna wakaendelea kukalia viti. Walalamikaji walishindwa kwenye rufaa, na kura iliporudi, wananchi walikuwa na hasira ya miaka kadhaa.

Hata hivyo, kamishna hashushi bei kwa kuapishwa tu. Republican walibaki na viti vitatu kati ya vitano. Tangu Julai 2025 tume ilikuwa imekwisha kuifunga bei ya msingi hadi 2028. Tena tarehe 19 Desemba, washindi wakisubiri kuingia ofisini, tume ya zamani iliidhinisha uwezo mpya wa karibu megawati 10,000, sehemu kubwa kwa ajili ya vituo vya data. Hizo ni zaidi ya mara nne ya megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Kampuni inasema wateja hao wakubwa watabeba gharama zao. Wapinzani wanahofia kwamba vituo visipojengwa, familia ndizo zitakazobaki zikilipia mitambo isiyo na mnunuzi.

Kwa hiyo mgombea anayeahidi tu kushusha bei hajasema kitu. Aulizwe atakubali faida ya asilimia ngapi, na hasara ya mradi uliochelewa atamtwika nani. Tanzania hatupigi kura ya namna hiyo, lakini EWURA huitisha mikutano ya taftishi kusikiliza maoni kuhusu maombi ya bei. Ukisikia umeitishwa karibu nawe, nenda ukaulize swali hilo la pili.