Michezo ya Masimulizi na Ada ya Kila Mwezi: Kinacholipiwa na Kilicho Huru

Mchezo wa masimulizi wa mezani ni mchezo ambao watu wachache, aghalabu kati ya watatu na sita, huketi pamoja na kutunga hadithi papo kwa papo, kila mmoja akivaa nafsi ya mhusika mmoja na kuamua mhusika huyo aseme nini na atende nini, huku mwenzao mmoja, anayeitwa msimamizi wa mchezo, akieleza mazingira, akiwasemea wahusika wengine wote na kutoa uamuzi kwa kufuata kanuni walizokubaliana. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, kwa mfano mhusika anapojaribu kuvuka mto uliofurika, dadu hurushwa. Katika kanuni zinazotumiwa zaidi, dadu hiyo ina nyuso 20, na namba inayotokea hujumlishwa na alama ya uwezo wa mhusika, kisha jumla yake hulinganishwa na kiwango cha ugumu kilichowekwa na msimamizi. Mhusika akifikia kiwango hicho amefaulu, akipungukiwa ameshindwa, na hadithi husonga mbele kutoka hapo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974 na TSR, kampuni ndogo ya mji wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. TSR ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997, nayo Wizards of the Coast ikanunuliwa mwaka 1999 na Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea. Kwa miaka mingi mahitaji ya mchezo yalikuwa vitabu vya kanuni, karatasi, penseli na dadu, na gharama yake ilikuwa ya mara moja, kwa kuwa kitabu kikishanunuliwa kiliweza kuazimwa na rafiki, kuuzwa au kuachiwa wadogo bila mwenye kampuni kuwa na la kusema.

Zana za kidijitali zilizaliwa kutokana na uzito wa mchezo wenyewe, kwa sababu kanuni zake hujaza mamia ya kurasa na mhusika mmoja huwa na alama nyingi zinazobadilika kila anapopanda daraja. Zana hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa mhusika, yaani programu inayotunza alama zote na kuzikokotoa yenyewe. Ya pili ni meza ya mtandaoni, ambamo wachezaji walio mbalimbali huona ramani moja, husogeza vijiwakilishi vya wahusika wao na kurusha dadu zinazoonekana na wote. Fantasy Grounds ilianza kuuzwa kwa kazi hiyo mwaka 2004, na Roll20 ikafuata mwaka 2012. Ya tatu ni maktaba ya kidijitali, ambamo vitabu vya kanuni husomwa na kutafutwa kwa neno, na mfano wake mashuhuri ni D&D Beyond, iliyofunguliwa mwaka 2017 na kununuliwa na Hasbro mwaka 2022 kwa dola za Marekani milioni 146.3.

Bei ile inaonyesha mahali ambapo wafanyabiashara wanaiona faida. Kitabu huuzwa mara moja, lakini mtu anayelipa ada kila mwezi huendelea kuingiza fedha hata katika mwezi ambao hakufungua programu kabisa, na ndiyo maana huduma nyingi hufungua mlango bila malipo na kuweka ada kwenye vyumba vya ndani. D&D Beyond humruhusu mwenye akaunti ya bure kutunza wahusika sita, na kwa anayetaka zaidi imekuwa na madaraja mawili ya ada, la dola 2.99 na la dola 5.99 kwa mwezi, ambapo daraja la juu humwezesha mlipaji mmoja kulishirikisha kundi zima vitabu alivyonunua. Jambo linalowapita wengi ni kwamba ada hiyo haijumuishi vitabu vyenyewe, ambavyo hununuliwa kando, hivyo mtumiaji hulipa mara moja kwa ajili ya kitabu na mara nyingine kwa ajili ya ruhusa ya kukishirikisha. Njia tofauti imefuatwa na Foundry, meza ya mtandaoni iliyotolewa mwaka 2020, ambayo mtu mmoja katika kundi huilipia dola 50 mara moja tu na wenzake wote hujiunga kwa kivinjari cha kawaida bila kulipa chochote.

Tofauti ya njia hizi mbili ni tofauti kati ya kumiliki na kuruhusiwa kutumia, na historia ya mchezo huu inaonyesha uzito wake. Mwaka 2008 Wizards of the Coast ilianzisha huduma ya ada iliyoitwa D&D Insider, iliyokuwa na programu ya kuunda wahusika na majarida ya mchezo. Programu hiyo mwanzoni ilipakuliwa na kukaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, lakini mwaka 2010 nafasi yake ikachukuliwa na nyingine iliyofanya kazi mtandaoni pekee, na teknolojia iliyoibeba ilipopitwa na wakati, zana hizo zilizimwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Waliozilipia kwa miaka hawakuweza tena kuzitumia, ilhali vitabu vya mwaka 1974 vingali vinasomeka. Vivyo hivyo, Agosti 2024 D&D Beyond ilitangaza kwamba kanuni mpya za uchawi zingechukua nafasi ya zile za zamani ndani ya kurasa za wahusika, hata kwa watu waliokuwa wamenunua vitabu vya zamani, na ikaurudisha nyuma mpango huo baada ya siku chache kwa sababu ya malalamiko. Mtumiaji alibaki na kanuni zake, lakini tukio lilithibitisha kwamba rafu ya maktaba hiyo hupangwa na mwenye nyumba.

Mwezi wa Januari 2023 nguvu ya walipaji wa ada ilijitokeza kwa namna ambayo kampuni haikuitarajia. Tangu mwaka 2000 watunzi wa nje ya kampuni walikuwa wakichapisha hadithi na kanuni zao chini ya leseni huria iliyotolewa na Wizards of the Coast, na rasimu ya leseni mpya ilipovuja, ikionyesha kwamba watunzi wakubwa wangetakiwa kutoa mrabaha na kwamba leseni ya zamani ingebatilishwa, wachezaji wengi walifuta usajili wao katika D&D Beyond kwa pamoja. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni iliachana na mpango huo na kuuweka muhtasari rasmi wa kanuni zake, wenye takribani kurasa 400, chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kunakili, kubadili, kutafsiri na hata kuuza kazi inayotokana na muhtasari huo, kwa sharti la kumtaja mtoaji, wala ruhusa hiyo haiwezi kuondolewa baadaye. Baadaye mwaka huohuo muhtasari ulitolewa pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania.

Kwa kijana wa Nandagala, kata iliyomo katika Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, hatua hiyo ya kuziacha kanuni huru ina maana kubwa kuliko programu yoyote inayolipiwa. Ada ya dola 5.99, dola moja ikihesabiwa kwa shilingi 2,500, ni karibu shilingi 15,000 kwa mwezi, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliieneza hadi kwenye huduma za kidijitali za kampuni za nje, pamoja na bando la intaneti. Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi ni kalenda. Ada ya mwezi ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwezi na kadi ya benki inayokatwa yenyewe, ilhali katika ukanda wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ambao vyama vyake vya msingi vya wakulima vimeungana katika chama kikuu cha RUNALI, fedha huingia kwa misimu, kwa minada ya ufuta katikati ya mwaka na ya korosho kuanzia mwezi wa Oktoba. Kampuni za simu zimeuelewa mwenendo huo wa kipato, na ndiyo maana huuza bando la siku, la wiki na la mwezi, lakini wauzaji wa zana za michezo hawajafanya hivyo. Mtu anayeweza kununua kitu mara moja baada ya mnada anaweza kabisa kushindwa kulipa kidogo kidogo katika mwezi wa Machi.

Kwa sababu hiyo, njia inayofaa kwa kundi la vijana, klabu ya shule au kituo cha jamii ni ile inayoanza na kilicho huru na kulipia tu kile kinachobaki mkononi. Muhtasari wa kanuni hupakuliwa mara moja kwa bando dogo, kisha kurasa chache zinazohitajika kuanzia huchapwa kwenye duka la vifaa vya kuandikia na kutumiwa kwa miaka. Dadu yenye nyuso 20 haipatikani kirahisi madukani, lakini karatasi 20 zilizoandikwa namba 1 hadi 20, zikakunjwa na kutiwa ndani ya kopo, hutoa nasibu ileile, mradi karatasi iliyotolewa irudishwe kabla ya kuchota tena. Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kuweka programu ya kununuliwa mara moja, kama Foundry, kwenye kompyuta moja, na baada ya kuisajili kwa intaneti, wanafunzi wakaitumia kupitia mtandao wa ndani wa chumba hicho. Kundi likiona ni lazima kulipa ada, anayestahili kulipiwa kwa mchango wa wote ni msimamizi, kwa kuwa huduma nyingi hazimdai mchezaji wa kawaida.

Hazina kubwa zaidi imo katika ruhusa ya kutafsiri na kubadili, maana kanuni hizi hazimlazimishi mtu kuigiza mashujaa wa Ulaya ya kale. Kusini mwa Tanzania kuna visa vinavyongoja kuchezwa, kuanzia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo Wamwera walishiriki, mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuvunja mwaka 1951, ukiacha mashamba na reli Nachingwea, hadi kambi ya FRELIMO ambamo wapigania uhuru wa Msumbiji walipata mafunzo. Mwanafunzi anayelazimika kuamua, kwa sauti yake na mbele ya wenzake, kama mhusika wake ataifuata ahadi ya maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji wa Maji Maji dhidi ya risasi au ataikimbiza familia yake msituni, huyapima matukio hayo kwa undani ambao kukariri tarehe hakumpi, na papo hapo hufanya mazoezi ya hesabu za haraka, ya kujieleza na ya kumsikiliza mwenzake.

Kazi inayopaswa kutangulia ni ndogo na iko ndani ya uwezo wa walimu wachache wenye nia, nayo ni kuandaa kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 20 au 30 chenye kanuni za msingi, istilahi zilizokubaliwa na kisa kimoja cha kuanzia, kikichapishwa chini ya leseni ileile ya Creative Commons ili shule nyingine zikinakili na kukiongezea visa vyao. Programu za ada zitaendelea kuwafaa walio mbali wanaotaka kucheza pamoja na wenye kipato cha kuzimudu, na hakuna ubaya kuzilipia kwa muda zinapohitajika. Lakini kijitabu kama hicho kingekuwa mali ya wanaokitumia, katika mwezi wa mnada na katika mwezi usio na mnada.