Simu ya Ofisi Inapohamishiwa Njia Nyingine

Mwananchi anapopiga namba ya mezani ya ofisi ya halmashauri, ambayo kwa mikoa ya Shinyanga na Geita huanza na 028, pengine simu huita kidogo, hunyamaza, kisha hupokelewa na ofisa aliye kwenye simu ya mkononi. Wapo wanaokata wakidhani wamekosea namba. Hawajakosea, simu imehamishwa njia.

Katika ofisi nyingi za siku hizi sauti haina waya wake wa peke yake. Hukatwa vipande vidogo na kupitishwa katika intaneti ileile inayobeba mfumo wa leseni za biashara na utoaji wa namba za kumbukumbu za malipo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Shinyanga na Geita, lakini kutoka mkongoni hadi kata za wachimbaji wadogo njia huwa nyembamba.

Sauti isiyobanwa huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde. Pamoja na anwani zinazoambatana na kila kipande, hufika 80. Ikibanwa hushuka hadi 8, ila anwani hubaki zilezile, hivyo jumla huwa 24. Ofisi yenye njia ya kilobiti 512, ikitenga nusu yake kwa simu, hupitisha simu 3 zisizobanwa au 10 zilizobanwa. Kubana nako kuna hasara: sauti hukauka, na muziki wa kusubiri huwa kelele tupu.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba simu inayozidi haiharibiki peke yake. Ikiruhusiwa kuingia, zote hukatikakatika, hata ya aliyetangulia. Kwa hiyo mtambo huhesabu simu zilizopo, na inayozidi hupelekwa kwenye laini ya mkononi au ofisi jirani. Mpigaji hulipa gharama ya kawaida. Safari iliyoongezeka hulipiwa na ofisi. Uhamishaji huo, hata hivyo, hushindwa umeme unapokatika kama umewekwa kwenye kifaa cha ofisini tu. Ni heri uwekwe kwa mtoa huduma, kwa kuwa kifaa kilichozimika hakiwezi kuhamisha chochote.

Kwa kuwa anayepokea huenda yuko ofisi nyingine, mpigaji ataje kwanza kata yake na shida yake.

Dharura haipaswi kusubiri foleni hii. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, hupigwa 115 bila malipo. Hiyo ni namba ya m-mama, mfumo uliojaribiwa Shinyanga na Sengerema kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa moto, au mtu aliyefukiwa shimoni, hupigwa 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu hizo hazipiti katika mtambo wa ofisi ya halmashauri.