‘Lusala’: Filamu iliyonipandisha matatu kurudi Matiliku

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo hunifanya nisimame ghafla popote nilipo: mlango wa mabati ukifunguliwa usiku. Haijalishi kwamba niko Nairobi, au kwamba mlango wenyewe ni wa jirani anayetoka kazini. Moyo hudunda, mikono inakuwa baridi, na kwa sekunde mbili tatu mimi ni mtoto wa miaka tisa tena kule Matiliku, nikisikiliza hatua za mzee nijue kama leo amekunywa au hajakunywa.

Sikuwahi kumwambia mtu. Ungemwambia nani? Wasee wa mtaa wangecheka. Nilijiambia ni uoga tu na utaisha nikizidi kukua. Sasa niko na miaka 24 na haujaisha. Lakini angalau najua unaitwaje, na aliyenifungua macho si daktari. Ni filamu.

Inaitwa Lusala. Ni filamu ya Kenya ya mwaka 2019, na rafiki yangu mmoja alinionyesha kwenye kompyuta yake Jumapili moja tulipokuwa hatuna pesa ya kwenda popote. Tulianza tukitafuna njugu. Tulipomaliza, hakuna aliyekumbuka njugu.

Nikupe hadithi kwa ufupi bila kukuharibia. Lusala ni kijana aliyeondoka utotoni kwenye nyumba ya baba mkatili, akachukuliwa na familia ya Nairobi yenye uwezo na yenye upendo. Analelewa vizuri. Ukimtazama unasema huyu ameomoka. Halafu siku inafika anatakiwa kuondoka akajitegemee, mapema kuliko alivyojiandaa. Akiwa peke yake, yale aliyodhani ameyaacha kwa babake yanamfuata mpaka mlangoni.

Anayeigiza Lusala ni Brian Ogola, na mara nyingi uso wake ndio unaosimulia. Yumo pia Stycie Waweru, yule msichana aliyetuliza wengi machozi kwenye Supa Modo. Mwelekezi ni Mugambi Nthiga, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kuelekeza. Kabla ya hapo aliigiza kwenye Nairobi Half Life (2012), kisha akashiriki kuandika Kati Kati (2016) na Supa Modo (2018). Lusala iliandikwa na Silas Miami, Wanjeri Gakuru na Oprah Oyugi.

Si filamu ya mabilioni. Imetoka kwenye mpango wa One Fine Day Films, ulioanzishwa na mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, wakishirikiana na kampuni ya Nairobi ya Ginger Ink. Hapo watengenezaji filamu wa Afrika hupata mafunzo na kuingia moja kwa moja kazini, na Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo zilipita njia hiyo hiyo. Kwa hivyo usitarajie magari yanayolipuka. Utaona kijana ndani ya nyumba, na kichwa chake.

Sasa, kwa nini ilinigonga hivyo?

Kwa sababu hadithi nyingi za aina hii huishia pale mtoto anapookolewa. Baba mbaya anaachwa nyuma, mtoto anapata nguo mpya na shule nzuri, wimbo unapigwa, tunaenda nyumbani tukiwa tumeridhika. Lusala haikubali kuishia hapo. Inauliza: baada ya kuokolewa, je? Jibu lake ni kwamba kuokolewa ni kitu kimoja na kupona ni kingine, na unaweza kupata cha kwanza miaka mingi kabla ya cha pili.

Hayo ndiyo maisha yangu, ila bila kamera. Nilipokuwa darasa la nne, shangazi, dadake baba, alikuja Matiliku akaona mgongo wangu. Hakugombana na mtu. Alimwambia mwaitu, yaani mama yetu, anipakie nguo, na jioni hiyo nikalala Nairobi. Kila mtu aliniambia nina bahati, na ni kweli nilikuwa nayo. Lakini ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, alibaki. Alisimama kando ya barabara akinipungia mkono kana kwamba naenda safari ya shule.

Nilipofika miaka 19 shangazi akasema, bila ubaya wowote, “Umekuwa mwanaume sasa, mwanangu, tafuta nyumba yako.” Alikuwa na wake wa kusomesha. Nikapata chumba kimoja, choo cha nje, mlango wa mabati. Mwaka wa pili chuoni nikaacha masomo. Niliwaambia watu ni karo. Karo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mhadhiri akipaza sauti, hata kama anamfokea mwingine, nilikuwa sisikii tena anachofundisha. Nilikuwa nasikiliza hatua.

Nimesoma kidogo tangu hapo. Mwili wa binadamu una kengele yake ya hatari. Ikilia, ubongo unaamuru homoni kama adrenalini na kotisoli zimwagike, moyo uende mbio, misuli ijiandae kupigana au kukimbia. Hiyo ni nzuri ukikutana na nyoka shambani. Lakini mtoto anayekutana na nyoka kila usiku ndani ya nyumba yake, kengele inajifunza kulia kwa jambo dogo, na nyoka akishaondoka yenyewe haijui kwamba ameondoka.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliofanywa San Diego, California, kwa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliwauliza yaliyowapata utotoni: kupigwa, kutukanwa, kudhulumiwa kingono, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi nyumbani, na kadhalika. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa katika hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, mihadarati, msongo wa mawazo na kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakupitia lolote. Hatari si hukumu, wengi hupita salama. Lakini ukijua hivyo, swali la “kwani huyu kijana ana shida gani?” linabadilika kuwa “huyu kijana alipatwa na nini?”

Na usidhani ni mambo ya Marekani. Mwaka 2019 serikali yetu ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume walisema walipitia ukatili wa aina fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Uchunguzi kama huo wa 2010 ulikuwa mbaya zaidi: kwa kupigwa peke yake, wanaume 73 kwa kila 100 na wanawake 66 kwa kila 100. Kwa hivyo tunapunguza, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hesabu hiyo ya 2010 ni ya watu ambao leo wanakaribia miaka 40. Ndio wazazi wa sasa. Ndio walimu, ndio wenye nyumba, ndio makanga. Ukipanda matatu iliyojaa, nusu ya mliomo mna kengele zenu.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kuiita hiyo malezi. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nimezisikia methali hizo tangu nikiwa chekechea, na kila mara aliyezisema alikuwa ameshika fimbo. Mimi ni mtu wa Ukambani, samaki simjui sana, lakini nina swali: ukimkunja vibaya akiwa mbichi, si ataendelea kuwa hivyo akikauka?

Sheria ilishajibu. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Lakini sheria iko Nairobi na fimbo iko nyuma ya mlango.

Lusala si ya kwanza kwetu kuangalia kidonda baada ya damu kukauka. Judy Kibinge alifanya hivyo mwaka 2013 kwenye Something Necessary, kuhusu mama anayejaribu kuanza upya baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Tofauti ni kwamba kidonda cha ghasia zile nchi nzima ilikiona kwenye runinga. Cha Lusala kilitokea ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, na majirani wakisema hayo ni ya familia.

Baada ya kuitazama mara ya pili nilifanya kitu nilichokuwa nimekiahirisha miaka mingi. Nikaazima ile kompyuta, nikapanda matatu ya Barabara ya Mombasa, nikashuka Emali, nikachukua gari jingine hadi Matiliku.

Ilikuwa Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, mahindi na ndengu vimesimama, na Mlima Nzaui ulikuwa kijani kama picha ya kalenda. Ndugu yangu sasa ana miaka 20, ananizidi urefu, na anaendesha bodaboda pale sokoni. Mzee aliacha pombe miaka kadhaa iliyopita baada ya kuugua. Siku hizi ni mtu mpole wa maembe na mbuzi. Hilo ndilo gumu kuliko yote, ukweli: aliyekutisha hayupo tena, mahali pake amekaa mzee mwenye kikohozi anayekuuliza kama umekula.

Usiku tukaiweka Lusala juu ya meza, mimi na ndugu yangu, huku mwaitu akichambua ndengu pembeni. Mzee akaja akasimama mlangoni. “Hiyo ni sinema ya nini?” Ndugu yangu akajibu, “Ni ya kijana fulani, baba.” Akatazama kidogo, labda dakika tano, akasema anaenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wamelala zamani.

Filamu ilipoisha nikamwambia ndugu yangu nilichotaka kumwambia kwa miaka kumi na tano: kwamba naomba msamaha kwa kumwacha. Alinyamaza mpaka nikajuta kuongea. Kisha akasema, “Kaka, wewe ulikuwa na miaka tisa. Hukuniacha, ulichukuliwa. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba mmoja wetu analala.” Halafu akaniambia kwamba yeye pia husikia mlango. Kila usiku, hata sasa, na aliyemo ndani ni mzee yule yule aliyeacha kunywa.

Mwaitu hakusema neno. Alisimamisha mikono kwenye ndengu, akaiacha hapo.

Sitakudanganya kwamba usiku ule ulitibu kitu. Mlango bado unanishtua. Lakini sasa tuko wawili tunaojua, na akishtuka usiku ananitumia ujumbe: “Umelala?” Namjibu. Wakati mwingine ni hilo tu.

Nilipoanza kuongea na mshauri, niligundua kitu ambacho wengi wetu hatukijui: si lazima uwe na pesa nyingi ili kuanza. Simu ya watoto, 116, ni ya bure, na unaweza kuipiga hata kama mtoto anayepigwa ni wa jirani. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya ushauri, 1199. Jopo la taifa kuhusu afya ya akili, chini ya Dkt Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba tatizo hili litangazwe dharura ya kitaifa. Dharura hiyo mtaani tunaiita “stress”, tunainunulia chupa, tunasonga. Babangu aliifanyia hivyo hivyo. Mwaitu aliniambia asubuhi iliyofuata kwamba babu naye alikuwa na mkono mzito, na kwamba mzee alipokuwa kijana alikuwa akilala shambani ili asipatikane.

Hilo halimtoi kwenye makosa. Lakini lilinifanya nione mstari mrefu wa wanaume waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akisikiliza mlango. Kuna mtu lazima atoke kwenye huo mstari.

Kwa hivyo ukiweza kuipata Lusala, itazame, na usiitazame peke yako. Itazame na yule mliyelelewa naye nyumba moja. Msiongee wakati wa filamu. Ongeeni baadaye.

Siku ya kuondoka, mzee alinisindikiza hadi stejini. Hatukuongea njiani. Gari lilipofika akanipa gunia dogo la maembe, akasema, “Usiyakalie.” Akageuka akaenda.

Sijui kama ulikuwa msamaha au yalikuwa maembe tu. Nilifika Nairobi saa mbili usiku, nikafungua mlango wangu wa mabati, nikala matatu.