Kikohozi cha Wiki Mbili Kisipuuzwe

Katika Milima ya Usambara, baridi ya Juni na Julai huwafanya wengi kufunga madirisha usiku na mchana, na kikohozi huhesabiwa kuwa jambo la msimu. Kwa vijana wanaopanga chumba kimoja watatu au wanne, iwe mjini Lushoto, Tanga au Dar es Salaam, mazoea hayo yana hatari. Vimelea vya kifua kikuu husambaa hewani mgonjwa anapokohoa, na huweza kubaki humo kwa saa kadhaa endapo chumba hakipitishi hewa.

Kijana mwenye nguvu hafiki zahanati kwa urahisi. Alfajiri yupo kijiweni na bodaboda yake au anapakia mboga sokoni, naye huona uzito kupoteza siku ya kazi. Kwa hiyo Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii humfuata alipo na kumuuliza maswali manne: Je, amekohoa kwa wiki mbili au zaidi? Anapata homa? Hutokwa na jasho jingi usiku? Amepungua uzito? Mwenye dalili hizo hupewa rufaa ya kwenda kupimwa makohozi.

Vipimo na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo kwa dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata kwa aina mbili. Mgonjwa hupata nafuu mapema, na hapo ndipo wengine hushawishika kuacha dawa. Kufanya hivyo huwapa vimelea nafasi ya kuwa sugu, na tiba ya kifua kikuu sugu ni ngumu zaidi.

Kwa sababu hiyo, mhudumu humtembelea mgonjwa nyumbani kuhakikisha dawa zinamezwa. Humweleza kuwa mkojo kubadilika na kuwa wa rangi ya chungwa si dalili mbaya, bali ni kwa sababu ya dawa. Aidha, huwahimiza wanaoishi naye kupimwa, hususan watoto wa chini ya miaka 5, ambao hupewa dawa kinga iwapo hawajaugua.

Kijana anayesafiri kutafuta riziki akiwa katikati ya dozi anapaswa kuaga kituoni na kupewa uhamisho, ili aendelee na dawa huko aendako.

Wananchi wanahimizwa kuwapokea wahudumu, kufungua madirisha mchana, kufunika mdomo wanapokohoa na kutomtenga mgonjwa. Kifua kikuu hupona kabisa, mradi dozi ikamilishwe.