Njia za Kuingia Kada za Afya Baada ya Kidato cha Nne

Ndugu mtahiniwa, ukiuliza darasani kwako nani anataka kufanya kazi hospitalini, mikono mingi itanyooka. Ukiuliza kazi gani, wengi watajibu: udaktari. Lakini mgonjwa mwenye homa anayefika hospitali ya wilaya hahudumiwi na daktari peke yake. Hupokelewa na muuguzi, huonwa na tabibu au daktari, damu yake hupimwa na mteknolojia wa maabara, na dawa hupewa na mtu aliyesomea famasi. Wote hao waliwahi kukaa kwenye dawati kama lako, na kila mmoja alipita njia yake. Makala hii inakueleza njia hizo zinaanzia wapi na masomo gani yanazifungua, ili unapojaza Selform uwe unajua unachochagua.

Njia ya kwanza: kidato cha tano na sita

Anayetaka kwenda chuo kikuu moja kwa moja hupitia kidato cha tano. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu tahasusi za sayansi hufanana majina lakini haziendi mahali pamoja. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia. Shahada ya udaktari wa binadamu katika vyuo vyetu hudai masomo matatu ya PCB: angalau C katika Kemia, C katika Biolojia na D katika Fizikia kwenye mtihani wa kidato cha sita. Mwanafunzi wa CBG anaweza kupata A tatu na bado akakosa sifa ya kusomea udaktari kwa njia hii, kwa kuwa hakusoma Fizikia. Si kwamba CBG ni tahasusi mbaya. Ina kozi zake nzuri, zikiwemo za lishe na mazingira. Ubaya ni kuichagua kwa kukimbia Fizikia huku moyoni unautaka udaktari.

Ukifika chuo kikuu, hesabu pia miaka. Udaktari ni miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini. Ukiongeza miwili ya kidato cha tano na sita, unapata minane.

Njia ya pili: vyuo vya kati

Si lazima upite kidato cha tano. Ukiwa na cheti cha kidato cha nne unaweza kuomba stashahada ya utabibu, uuguzi na ukunga, maabara au famasi katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET. Masomo ni ya miaka mitatu. Kwa utabibu na uuguzi, sifa ya msingi ni ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa famasi, masomo ya lazima katika yale manne ni Kemia na Biolojia. Kwa hiyo, kama uliacha Fizikia ulipoingia kidato cha tatu, mlango wa famasi haujafungwa kwako.

Njia hii si ya walioshindwa. Tabibu ndiye anayewaona wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya vingi vya nchi hii, na mkunga mwenye stashahada ndiye anayepokea watoto usiku wa manane vijijini. Kwa kijana ambaye nyumbani wanamtegemea aanze kujitegemea mapema, miaka mitatu ni tofauti na minane.

Njia ya kupandia baadaye

Sasa soma sehemu hii kwa makini, maana ndiyo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Lakini chuo kikuu hakiishii kwenye stashahada yake. Hurudi kuangalia cheti cha kidato cha nne, na hutaka angalau D katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Chukua mfano wa wanafunzi wawili. Wote wana C katika Kemia, Biolojia na Fizikia, na wote wanachaguliwa kusomea utabibu. Wa kwanza alipata D ya Hisabati. Wa pili alisema Hisabati haimhusu, akapata F. Miaka mitatu baadaye wote wanamaliza kwa GPA ya 3.8. Wa kwanza anaomba udaktari. Wa pili inambidi kwanza ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Hisabati ya kidato cha nne akiwa mtu mzima mwenye kazi.

D moja huanzia alama 30. Huenda zipo katika mada mbili au tatu ambazo bado una wiki za kuzifanyia mazoezi.

Hisabati inaingiaje wodini?

Mtoto ana kilo 12. Dawa ya homa hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Apewe mililita ngapi?

Dozi: 12 × 15 = miligramu 180.
Ujazo: 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5.

Hiyo ni mada ya uwiano uliyoisoma. Vivyo hivyo, kanieneo ya Fizikia utaikuta kwenye kipimo cha shinikizo la damu, na ukolezi wa myeyusho wa Kemia utaukuta maabara.

Kabla hujaomba chuo

Fanya mambo matatu. Kwanza, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET. Bango zuri la barabarani si usajili. Ukisoma mahali pasipotambuliwa utakosa leseni ya baraza la taaluma yako, na bila leseni huruhusiwi kuhudumia wagonjwa. Pili, soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako, kwa sababu sifa hubadilishwa. Tatu, kaeni na mzazi au mlezi mjumlishe ada, sare, vitabu na malazi ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza tu. Ulizeni pia kuhusu mkopo wa serikali: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, zimeingizwa.

Mwisho, jiulize unaipenda kazi yenyewe au jina lake. Muuguzi husafisha vidonda. Mteknolojia hutumia saa nyingi na hadubini, mbali na mgonjwa. Ukipata nafasi, omba kuzungumza na mtumishi wa zahanati iliyo karibu na kwenu kuhusu siku yake ya kazi.

Maswali ya kujipima

1. Taja masomo matatu ya tahasusi inayohitajika kwa shahada ya udaktari wa binadamu.
2. Mwanafunzi asiyesoma Fizikia kidato cha nne anaweza kuomba stashahada gani ya afya?
3. Tabibu mwenye GPA ya 4.0 ananyimwa nafasi ya kusomea udaktari. Eleza sababu moja inayoweza kuwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne.
4. Andika alama zako za mtihani wa mwisho wa majaribio katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ni somo lipi liko chini ya 30? Anza nalo leo jioni.