UNAUZA UNGA WA UYOGA DAWA? FUTA NENO "UNATIBU"

Wafanyabiashara wenzangu, mimi nauza uyoga mkavu na unga wa ganoderma hapa Mwanza, oda nyingi zinakuja WhatsApp. Swali la kila siku: "Unatibu sukari?" Namjibu hapana, na dawa za hospitali usiache.

Sio kwamba uyoga hauna kitu. Japani iliruhusu PSK, dawa inayotokana na uyoga, mwaka 1977. Ila wagonjwa wa saratani walipewa PAMOJA na matibabu ya hospitali, sio BADALA yake.

Kabla hujapost:

1. Usiandike "unatibu" wala "unaponya".

2. Muulize mteja anatumia dawa gani. Kama ni za kuzuia damu kuganda, au anasubiri upasuaji, aongee kwanza na daktari. Ganoderma inaweza kumuongezea hatari ya kutokwa damu.

3. Ukiuza kama dawa, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inakuhusu. Anzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako.

Mtu akiacha insulini kwa sababu ya tangazo lako, anaweza kufa. Oda moja haifikii hapo.

Wewe wateja wanakuuliza nini? Tuambie kwenye koment 👇