Namba 4,294,967,297 na Istilahi "Tasa"

Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Mwaka 1640 Fermat wa Ufaransa alidhani kuwa 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kuongeza 1, ni tasa, kwani za jamii yake zilizoitangulia, 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa yagawanyika kwa 641, ikatoka 6,700,417. Hapahitajiwi kubahatisha: kila kigawo chake kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1, na namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Vigawo hivyo viwili navyo ni tasa, ilhali ndivyo vilivyoizaa. Istilahi hiyo, ijapokuwa imezoeleka, yaeleza upande mmoja tu.